Kilabu Kizuri Hupimwa kwa Masikio



Najua baadhi yenu mtashangaa kuona kilabu cha pombe kimepewa nafasi hapa, mahali tulipozoea kujadili vina na mizani. Wapo miongoni mwenu wasioonja kileo kwa sababu ya dini, na wapo waliokiacha kwa sababu ya afya au majuto. Siandiki ili nimshawishi yeyote ashike kata. Naandika kwa kuwa kilabu, kama ilivyo baraza ya kahawa kule pwani, ni mahali ambapo lugha yetu hukaa jioni baada ya kazi, nami naona mahali hapo panakufa huku biashara yake ikistawi. Hoja yangu ni moja: kilabu kizuri cha mtaa ni kile ambamo mtu anaweza kusikia na kusikiwa. Mengine yote, kinywaji, viti, mwanga na bei, huitumikia sifa hiyo au huiua.

Nianzie nyumbani. Kiloleli ni kata ya wilaya ya Busega, mkoani Simiyu, jirani na maji ya Ghuba ya Speke. Hadi mwaka 2012 tulikuwa watu wa Magu, mkoa wa Mwanza. Mwaka huo mkoa wa Simiyu ukaundwa, Bariadi ikawa makao yake makuu, nasi tukahamia mkoa mpya bila kufunga mzigo. Hii ni nchi ya pamba na mtama, ya wafugaji na wavuvi, na kwenye benchi la kilabu Msukuma huketi bega kwa bega na Mjita, Mkerewe au Mluo aliyeletwa na samaki. Lugha inayowaunganisha hapo ni Kiswahili, lakini ni Kiswahili kilichotiwa Kisukuma kama mboga iliyotiwa karanga.

Nilikijua kilabu kabla sijajua ladha ya pombe. Jioni nilikuwa nikitumwa kwenda kumwita mjomba. Kilabu chenyewe kilikuwa ua wa mama mmoja: magogo ya kukalia, banda la nyasi, mtungi katikati, na taa ya chemli iliyoning'inia kwenye nguzo. Nilifundishwa kwamba siingii moja kwa moja. Nasimama penye upenyo wa ua, nasalimu wazee kwa heshima, “Mwadila”, kisha nangoja waitikie. Baada ya hapo ndipo naita, “Mjomba, nyumbani wanakuita.” Mjomba alikuwa akijibu, “Nakuja, subiri wamalize fumbo hili.” Nami nikasubiri. Kwa kusubiri huko nilijifunza mafumbo, methali na majibizano mengi kuliko niliyofundishwa darasani, na kama leo naandika beti, sehemu ya ada ya masomo yangu ililipwa na kiu ya mjomba.

Kwa hiyo nina kipimo changu cha kilabu, nacho ni rahisi. Mtoto akiitia langoni, je, baba yake atamsikia?

Tuyatazame maneno tuliyorithi kuhusu kuketi pamoja, maana yana hekima ndani yake. Wasukuma wana shikome, moto wa jioni uani, ambapo wanaume wa mji hukaa kuota moto, kula, kupanga kazi ya kesho na kuwafunza vijana. Pwani kuna baraza, kile kibao cha mawe mbele ya nyumba, penye kahawa chungu, kashata na bao. Tazameni neno hilo lilivyopanda cheo: kutoka kiti cha mawe limekuwa mkutano wa chifu, likawa Baraza la Mawaziri, na mwaka 1967 likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, chombo kinachosimamia lugha hii tunayoitumia. Vijana wa mjini wana kijiwe, na Zanzibar wana maskani. Katika maneno yote haya manne jina limetolewa kwenye moto, jiwe au makazi, yaani kwenye kile kinachowaweka watu mahali pamoja. Hakuna hata moja lililotokana na kinachonywewa.

Sasa linganisheni na majina ya mahali pa kunywea. Baa na kilabu tuliyapokea kutoka kwa Waingereza, sawa na grosari, ambayo kwao ni duka la vyakula na kwetu imekuwa kijumba chenye friji, viti vya plastiki na vinywaji vya chupa. Sina ugomvi na maneno ya kukopa. Lugha isiyokopa hufa njaa. Lakini tulipokopa jina la duka, tulikopa na desturi ya dukani: mtu ananunua, analipa, anaondoka au anakaa peke yake na mzigo wake.

Tofauti hii ina mzizi katika kinywaji chenyewe. Pombe ya asili kwetu huitwa walwa. Ndugu wa neno hili wametapakaa kusini mwa Afrika: Wabemba husema ubwalwa, Wazulu utshwala, Watswana bojalwa. Kiswahili sanifu hakikulibeba, kikakaa na pombe na tembo. Walwa hupikwa kwa nafaka. Mtama au ulezi hulowekwa, ukaachwa uchipue, ukaanikwa na kusagwa kuwa kimea. Uji hupikwa, kimea hutiwa, kisha mtungi huachwa siku kadhaa uchachuke. Siku pombe inapoiva, imeiva kwa wote. Kesho itakuwa kali, keshokutwa itakuwa chachu isiyonyweka. Mpishi hana ghala la kuificha wala mnywaji hawezi kuiweka kabatini. Ni lazima watu waitwe.

Ndiyo maana wanawake wapishi wa kijiji walipokezana siku: leo kwa fulani, kesho kutwa kwa jirani yake, ili kila mtungi upate wanywaji na kila mama apate fedha ya sare za shule. Ndiyo maana pia walwa ilifuata kazi ya pamoja. Wacheza bugobogobo, wale walimao kwa kurusha majembe na kuimba, walijua kwamba mwisho wa shamba kuna mtungi. Kinywaji kilikuwa na tarehe, na tarehe hiyo ilikuwa ya watu wengi.

Chupa iliibadili hesabu hiyo. Bia ya kiwandani inaweza kungoja miezi, na kwa kuwa yenyewe inaweza kungoja, mnywaji hana sababu ya kumngoja mwenziwe. Kisha vikaja viroba, pombe kali katika vifuko vya plastiki, ambavyo serikali ya Tanzania ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Wengi walivilaani kwa ukali wake na kwa vijana vilivyowaharibu. Mimi naongeza kosa jingine: kiroba kilikuwa kinywaji kisichohitaji kiti. Mtu alikimaliza akiwa amesimama, au juu ya pikipiki, bila kusalimu na bila kusalimiwa. Huo ndio mwisho wa njia iliyoanza tulipoacha mtungi. Sisemi turudi kwenye mtungi. Sifa ya mtungi ndiyo ninayotaka tuirudishe, hata kama kilichomo mezani ni bia, soda au togwa.

Hapo lugha yetu ina dawa iliyosahauliwa kabatini, nayo ni neno kikoa. Kamusi hulieleza kuwa ni ushirika wa kula ambao kila mmoja hutoa kwa zamu. Leo mezani tunasema “raundi”. “Raundi hii ni yangu.” Kwa nini tusiseme, “Kikoa hiki ni changu”? Neno hili lina heshima kubwa katika fasihi yetu. Katika utenzi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, maadui wa Liyongo wanamwalika katika kikoa cha kula makoma. Kila mtu anapanda mkoma kwa zamu yake kuwaangushia wenzake matunda, na wamepanga kwamba zamu ya Liyongo ikifika, akiwa juu mtini, wamfume kwa mishale. Liyongo hakupanda. Alishika upinde wake mwenyewe, akaangusha makoma kwa mishale.

Mimi huwa naisoma sehemu hiyo kama somo la adabu ya mezani. Kikoa kinasimama juu ya imani: kwamba anayepanda hatapigwa akiwa juu, na anayetoa leo atapewa kesho. Wale watu waliivunja imani hiyo, na ndiyo sababu tendo lao linachukiza kuliko vita vya waziwazi. Kwetu imani hiyo ina ishara yake. Mpishi wa walwa huonja kwanza mbele ya wageni, kuwaonyesha kwamba mtungi hauna baya. Kata huanzia kwake ndipo izunguke. Katika kilabu kizuri, asiye na fedha leo hukaa bila kujificha, kwa kuwa zamu yake inajulikana kuwa ipo. Na anayekula vikoa vya wenziwe kila siku huku zamu yake ikimpita, huyo hatatukanwa, atafumbiwa. Ataulizwa kama ng'ombe wake bado wananyonya tu au wameanza kutoa maziwa. Ataelewa, na kesho atatoa.

Lakini fumbo lahitaji kusikika. Ndipo ninapofika kwenye adui.

Nilirudi nyumbani msimu uliopita wa pamba, nikaenda kuketi mahali ambapo sasa watu huketi. Viti ni vizuri, kinywaji ni baridi, choo ni safi. Haki yake nimpe mwenye mali. Ila pembeni kulikuwa na spika mbili zenye kimo cha mtu, na ukutani televisheni ikionyesha mpira ambao hakuna aliyeusikia kwa sababu ya spika. Nilimwona mzee niliyemjua utotoni, fundi wa mafumbo asiye na mfano. Nilimwinamia sikioni, nikapaza sauti kumsalimu. Alinishika mkono, akatabasamu, akanionyesha sikio lake, akatikisa kichwa. Tulikaa saa moja hivi, tukitazamana kama watu waliotenganishwa na mto. Alikunywa chupa tatu. Na wala si kwa ulevi. Hapakuwa na jambo jingine la kufanya kwa mdomo.

Hii ndiyo hesabu ambayo wenye baa wanaijua vizuri kuliko sisi. Anayezungumza hunywa polepole, asiyeweza kuzungumza huinua chupa. Kelele ni muuzaji mzuri.

Mtu asinijibu kwamba nachukia muziki. Nina kumbukumbu nyingine ya kumpinga. DDC Mlimani Park Orchestra ilianza mwaka 1978 na ikachukua jina lake kutoka baa ya Mlimani Park jijini Dar es Salaam. Baa ikaipa bendi jina, nayo bendi ikaipa nchi tungo ambazo watu wazima hadi leo hujadili maana zake. Muziki wa dansi wa enzi zile ulianza taratibu, akina Muhiddin Maalim na Hassani Bitchuka wakiyatamka maneno ili yaeleweke, na mchemko ulikuja baadaye, hadithi ikiwa imekwisha kusimuliwa. Watu waliketi wakasikiliza kisa, kisha wakainuka kucheza. Kwetu Usukumani nako, wagika na wagalu walipopambana kwa ngoma, kila upande kwenye uwanja wake, watazamaji walihamia upande uliowavutia, na neno la kejeli lililotungwa vizuri lingeweza kuvuta umati wote ng'ambo ya pili. Muziki wa namna hiyo ni mazungumzo kwa njia nyingine. Ninachokipinga ni mlio usiomwambia mtu kitu na usiomruhusu mtu aambiwe kitu.

Wala malalamiko haya si ya mshamba wa Simiyu peke yake. Mwaka 1946 mwandishi wa Kiingereza George Orwell alichapisha katika gazeti la Evening Standard la London makala aliyoiita “The Moon Under Water”, akiisifu baa aipendayo kuliko zote. Aliitaja kuwa tulivu kiasi cha watu kuweza kuzungumza, haina redio wala piano, wahudumu wanawajua wateja kwa majina, na nyuma kuna bustani ambamo familia nzima inaweza kuketi. Mwishoni akakiri kwamba baa hiyo haipo. Alikuwa ameijenga kwa maneno. Nilipoisoma nilimwonea huruma kidogo, maana sifa zile, ukiacha bustani ya maua, nilizikuta nikiwa mtoto katika ua wa mama yule mpishi wa walwa.

Nisije nikaupaka ua ule rangi usiyokuwa nayo. Mjomba huyo huyo niliyekuwa nikimwita jioni alikuja kuwa mlevi. Mwaka mmoja aliuza pamba yake yote, akapitia baa moja ya barabarani, akatoka huko siku ya tatu akiwa na kofia na mfuko mtupu. Dada yangu, binti yake, hakurudi shule muhula ule, na mihula iliyofuata ilikuwa vivyo hivyo. Leo ana watoto wake, na hadi leo hapendi nimtaje baba yake nikicheka. Kwa hiyo nikisema “kilabu kizuri” mbele ya dada yangu, ni lazima niwe na la kumjibu.

Jibu langu ni hili. Miaka kabla ya balaa lile, nilikuwa nimesimama langoni jioni moja nikingoja. Mjomba alinyoosha mkono apewe kata nyingine, na mwenye ua akaifunika kwa kiganja. “Shemeji, imetosha,” alisema. “Dada amemtuma mtoto, na mtoto amesimama. Hiyo fedha yako nyingine nitampelekea mwenyewe asubuhi.” Wazee walicheka, mjomba akanung'unika, akainuka, tukaenda nyumbani. Mama yule alipoteza bei ya kata moja. Aliweza kufanya hivyo kwa kuwa alimjua mkewe mjomba, alimwona mtoto, na alisikia alipoitwa. Kule barabarani hakuna aliyemjua, hakuna aliyeona mtoto, na hata kama ningetumwa kule, nani angenisikia?

Sidai kwamba kilabu kizuri humponya mlevi. Dada yangu anajua zaidi yangu kwamba hata ua ule haukumzuia mjomba asifike barabarani. Nadai tu kwamba muuzaji anayejua nyumba unakotoka ana breki ambayo muuzaji mgeni hana, na kwamba breki hiyo hufanya kazi kwa masikio.

Jambo hili linatuhusu sisi watunzi kwa namna mbili.

Kwanza, methali isemayo mgema akisifiwa tembo hulitia maji inatuhusu kuliko inavyowahusu wagema. Kilabu kizuri kilikuwa mahali pa uhakiki. Mnywaji alimwambia mpishi usoni kwamba leo kimea kilikuwa kichanga, na mtunzi aliyeimba mstari mbovu aliambiwa vivyo hivyo na benchi zima, akaenda akaurekebisha. Siku hizi tunasomeana tungo zetu kwa kupongezana tu. Tembo letu limeingia maji, na hakuna benchi la kutuambia.

Pili, tutazame msamiati wetu. Mtu amelewa chakari, amelewa chopi, amelewa tilalila, yuko bwii. Amepiga maji, amegonga ulabu. Ngazi nzima ya kuanguka ina majina, kila kipandio na chake. Sasa nipeni jina la mtu ajuaye kukaa na bilauri moja jioni nzima, akazungumza, akasikiliza, akalipa zamu yake na kuondoka akijua njia. Tuna “kuchangamka”, ambalo ni hali ya kupita tu, na tuna “unywaji wa kistaarabu”, ambao unanuka bango la ofisini. Lugha iliyotunga maneno kumi ya mwanguko na kukosa moja la mketo imetuachia kazi. Mimi nimependekeza kikoa kwa lile tendo la kuzungushiana. Jina la mtu mwenyewe nawaachia ninyi, mafundi wa maneno. Likija lililo zuri, nitalipeleka Kiloleli, nikalijaribu benchini. Likipita pale, limepita.

Na kwa kuwa si desturi yetu kuagana kwa nathari pekee, napokeeni beti hizi mbili:

Karibu kaa kitini, kata ipo yakungoja,
Neno litoke moyoni, lisikiwe na mmoja,
Tuzungushe duarani, kikoa ndiyo daraja,
Kinywaji hakina haja, pasipo wa kusikia.

Mama ipunguze ngoma, wazee wana kioja,
Kuna fumbo linachoma, lataka jibu la hoja,
Na taa ikishazima, twende kwetu kwa pamoja,
Kinywaji hakina haja, pasipo wa kusikia.

Mwenye kasoro ya mizani aliyoiona, aniambie usoni. Benchi liko wazi.

Wasalaam.